Msimu wa Kumngoja Kaka

Kabla sijaeleza habari ya kaka yangu, niseme kwanza mimi ni nani, kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichoniuma. Mama yangu alikuwa muuza samaki. Mimi nilisukuma mkokoteni wa maji katika mtaa wa mabanda wa Nyalenda, kule mjini, ili nimalize shule, nikasoma hadi nikapata diploma ya uhandisi wa maji, nikaenda Uarabuni nisikojua mtu. Huko nilianza kwa kushika spana na nikatoka nikiwa msimamizi wa kituo kizima cha kusukuma maji. Sikubebwa na mjomba wala mwanasiasa. Niliporudi nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikanunua pikapu, nikavuta maji kutoka ziwani hadi kwenye vitunguu vyangu kwa pampu niliyoifunga kwa mikono hii. Watu wa kando ya barabara ya Busia walikuja kutazama, na niliwaacha watazame. Mtu aliyetoka jasho ana haki ya kutazamwa.

Katika boma letu jambo moja tu lilinishinda, nalo lilikuwa kupanda mahindi.

Mgeni atacheka. Lakini sisi watu wa huku tuna utaratibu. Mvua ikianza, mama mwenye boma ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini. Baada yake anafuata mtoto wa kiume wa kwanza na mke wake, halafu wa pili, hivyo hivyo hadi kitinda mimba. Huwezi kumruka mkubwa wako. Ukimruka, wazee wanasema unaita chira, yale maradhi ya kukonda na kuisha ambayo hospitali haiyaoni. Vitunguu na tikiti maji havihesabiwi, kwa sababu vililetwa juzi na hakuna babu aliyevijua. Mahindi na mtama vinahesabiwa.

Baba yetu alikwisha kufa. Sisi wana wa kiume tuko wawili, na mkubwa ni kaka yangu. Kaka yangu alikuwa mlevi wa chang'aa.

Nyumba yake ilikuwepo, upande wa kulia wa boma, aliijenga kabla pombe haijamshika, na ndiyo maana hata mimi, mdogo wake, niliweza kujenga yangu bila maneno. Lakini ilikuwa imefungwa kwa waya. Mke wake alikuwa ameondoka na binti yao. Yeye mwenyewe alikuwa analala popote usingizi ulipomkuta.

Mwaka ule mvua ya masika ilikuja mapema na kwa nguvu. Nilikuwa nimenunua mbegu bora, nimekodi trekta, shamba la juu karibu na barabara limelainika kama unga. Huko juu bomba langu halifiki, kwa hiyo mvua ndiyo kila kitu. Asubuhi mama alitoka na jembe lake, akapanda mstari mmoja kando ya nyumba yake, akaomba, akajifuta mikono kwenye leso, akaliegemeza jembe ukutani.

"Mama, umemaliza?" nikamuuliza.

"Nimemaliza yangu."

"Na sisi?"

"Wewe unajua anayefuata."

"Mama, wewe si umeokoka? Si umevaa sare ya akina mama wa kanisa tangu nikiwa mtoto? Haya mambo ya chira bado unayaamini?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini ng'ombe hawavai viatu.

"Nani ametaja chira? Umeitaja wewe. Sikia, mwanangu. Mtu anayerukwa kwenye kupanda ni mtu aliyekufa. Baba yako alipokufa tulimruka. Unataka nimruke huyu? Unataka niamke asubuhi, mbele ya majirani, niseme yule sina tena? Panda basi. Jembe hilo hapo."

Sikulishika. Mke wangu, ambaye ni wa kabila jingine, wa upande wa Vihiga, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mbegu. Akasema kwa sauti ya kujisemea, "Kwetu kila mtu na jembe lake," akarudisha mbegu ndani.

Sasa, mtu asidhani nilikuwa nimekaa tu nikimtazama kaka akizama. Niliporudi tu kutoka Uarabuni nilimtafuta, nikamnyoa, nikamnunulia nguo, nikampeleka kwenye kituo cha kutibu walevi, kizuri, chenye mashuka meupe na daktari wa kuzungumza naye. Nililipa mwenyewe. Alikaa huko hadi nyama zikamrudia mashavuni. Alipotoka nilimfanyia sherehe, nikachinja mbuzi, nikasimama mbele ya watu nikasema kwamba katika ukoo huu hakuna shida isiyokuwa na fundi wake. Kabla ya mifupa ya yule mbuzi kukauka, kaka alikuwa amerudi kwenye chang'aa, na zile nguo alikuwa amezivua mwilini akazinywa.

Baada ya hapo alipotea. Tulikuja kusikia kwamba yuko Nyalenda, katika kanisa dogo la mabati, na kwamba ameokoka. Sikuamini. Huku kwetu mlevi huokoka kila Krismasi. Lakini watu walisema pasta wa hapo naye alikuwa mlevi zamani, na kwamba anakaa na wenzake wa aina hiyo nyuma ya kanisa, wanapika pamoja, wanaomba pamoja, wanafanya vibarua wakiwa wawili wawili ili asiwepo wa kubaki peke yake.

Kwa hiyo nilichukua pikapu, nikashuka Nyalenda. Nilikuwa na mpango, na ulikuwa mpango mzuri wa kihandisi. Nitamwazima kaka kwa asubuhi moja. Nitampeleka nyumbani, atie mbegu chache, aguse udongo, kisha nimrudishe kwa pasta kabla ya chakula cha mchana. Utaratibu utakuwa umetimia, mimi nitapanda, na yeye ataendelea na maombi yake.

Nilimkuta nyuma ya kanisa anasugua sufuria kwa majivu. Alikuwa amekonda kuliko nilivyotarajia, lakini macho yalikuwa meupe. Hilo lilinishtua. Nilikuwa nimesahau rangi ya macho yake.

"Mwarabu wetu," akasema, na kucheka. "Umekuja na ngamia gani?"

"Pikapu. Kaka, mvua imenyesha."

"Hata huku inanyesha. Inaingia kitandani kwangu."

Nikamweleza mpango. Pasta alikuwa amekaa kando kwenye benchi, mtu mfupi mwenye kovu kwenye nyusi, anachambua dagaa wa omena. Nilidhani kaka atafurahi. Badala yake aliiweka sufuria chini polepole, akaitazama mikono yake iliyojaa majivu.

"Omera, ndugu yangu, unataka mimi au unataka mkono wangu?"

"Nakutaka wewe upande."

"Kama unataka mkono, chukua panga uukate uende nao. Utapanda mistari yote mpaka barabarani. Lakini mimi mwenyewe bado sijafika."

"Ni asubuhi moja tu! Nitakupeleka mlango kwa mlango."

"Ndiyo hiyo. Utanipeleka. Ulinipeleka hospitali, ukanileta, ukanichinjia mbuzi. Nilikuwa kama godoro lako. Nikija, nitakuja na miguu yangu."

"Lini?"

"Sijui."

Nikamgeukia pasta. "Pasta, mwambie. Mama ni mzee. Mahindi hayangoji."

Pasta akatoa mchanga kwenye omena, akasema, "Bwana, mimi hapa simfungi mtu wala simfungulii. Mlango ni huo, hauna hata kufuli. Akitaka kwenda, anaenda. Akisema hajafika, mimi nitamsukuma na nini?"

Nimesimamia watu wa mataifa mengi. Nimewahi kurekebisha mtambo uliokuwa umeshindikana kwa watu waliotumwa kutoka ng'ambo. Siku ile nilisimama nyuma ya kanisa la mabati nikiwa na funguo za gari mkononi, na sikuwa na mahali pa kuzitia.

Nikafikiri njia nyingine. Utaratibu wetu unamruhusu mke wa mkubwa kutangulia ikiwa mume yuko mbali. Shemeji yangu alikuwa anakaanga samaki Dunga, pale ambapo mashua hushusha samaki wa ngege asubuhi na watu wa mjini huja kula mchana. Nilimkuta mbele ya karai la mafuta, leso imefungwa kiunoni, uso umeng'aa kwa moto. Binti yake alikuwa shuleni. Nilimsalimu kwa heshima zote, nikaagiza samaki mkubwa kuliko wote, nikamweleza.

Alimgeuza samaki. Akamgeuza tena.

"Shemeji," akasema, "unaniita nirudi kwa mtu au nirudi kwa mahindi?"

"Kwa siku moja tu, Shemeji. Uje upande, kisha—"

"Kisha nirudi hapa kwa moshi wangu. Nikipanda kwenye boma lile, mimi ni mke wa pale. Wewe unaona mbegu. Mimi naona yale mahindi yakikomaa nani atayavuna, nani atayauza, nani atayanywa. Nilipanda huko miaka mingi. Niliyanusa kwenye pumzi yake."

"Sasa ameokoka."

"Nimesikia. Hata yeye umwambie nimesikia." Akaniwekea samaki kwenye sahani na ugali. "Kula, Injinia. Usiharibu samaki kwa huzuni."

Nilimla yule samaki mzima. Nikalipa, nikapanda pikapu.

Baada ya hapo ni kungoja. Kuna kungoja kwa uwanja wa ndege, ambako angalau kuna ubao unaokuambia ndege imechelewa. Huku hapakuwa na ubao. Majirani walipanda, mahindi yao yakachomoza, yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakafika magotini. Shamba letu la juu, lile lililolimwa kwa trekta, lilianza kuota magugu. Wapita njia barabarani walipunguza mwendo wa baiskeli kutazama. Jirani mmoja, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata wilbaro, aliniita kutoka upande wake wa ua:

"Bwana Mhandisi! Hiyo ni teknolojia mpya ya Uarabuni? Mnavuna udongo?"

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Mke wangu hakunisumbua. Alipika, akafunika, akaenda kulala na watoto.

Mstari wa mama kando ya nyumba ndio uliokuwa unakua peke yake. Aliupalilia kila jioni. Nilimwona akipita kati ya mimea ile akisema kwa sauti ndogo, na mwanzoni nilidhani anahesabu. Alikuwa anamwombea kaka. Hakuwa anaomba arudi. Niliposogea nilisikia anaomba ashibe leo, asinywe leo, alale leo. Halafu anarudia.

Mimi nimekuwa Mkristo tangu kuzaliwa. Ninatoa zaka, nimewanunulia wanakwaya vipaza sauti. Lakini usiku na mchana wa msimu ule niligundua kwamba maombi yangu yote yalikuwa kama barua za kuomba kazi: naeleza sifa zangu, naeleza ninachotaka, nangoja jibu. Kwa habari ya kaka sikuwa na sifa ya kueleza. Nilipiga magoti nikasema, "Mungu," nikakaa hivyo hivyo mpaka magoti yakauma, nikainuka.

Jumapili moja mama alisema anataka kusali Nyalenda. Nilimpeleka. Tulikaa benchi la nyuma, mabati yanapiga joto, ngoma zinapigwa. Pasta aliwaita wenye ushuhuda, na kaka akasimama. Nilijiandaa kwa hotuba, kwa sababu sisi ni ukoo wa kuongea. Akashika mikono yake nyuma kama mtoto wa shule.

"Bwana asifiwe. Jana sikunywa. Leo bado. Mama yangu yuko pale nyuma. Naomba mniombee." Akakaa.

Ni hayo tu. Mama hakupiga vigelegele. Aliinamisha kichwa mpaka kitambaa chake kikagusa benchi la mbele.

Hapo ndipo nilipomwona Shemeji. Alikuwa nje, kando ya mlango, na beseni lake la samaki kichwani, kama mtu aliyekuwa anapita akasimama kupumzisha shingo. Alikuwa amesikia. Aligeuka kuondoka, na mimi nikainuka nimkimbilie. Mama akanishika shati.

"Kaa."

"Mama, anaondoka!"

"Namwona. Kaa chini."

Nikakaa. Nilimtazama mtu ambaye angeweza kumaliza shida yetu yote akishuka njia ya Dunga na beseni lake, na mimi nimeshikwa shati na mwanamke anayefika kifuani mwangu.

Sikujua, na sijui mpaka leo, walichozungumza kaka na Shemeji baadaye, na kama walizungumza. Pasta alikuja kuniambia tu kwamba Shemeji alianza kuleta vichwa vya samaki kwa ajili ya supu ya wale wanaume, anaviacha mlangoni na kuondoka bila kuingia.

Walikuja siku ambayo sikuwangoja. Ilikuwa katikati ya juma, asubuhi, mvua za masika zikiwa karibu kuisha, mahindi ya majirani yametoa mbelewele. Nilikuwa ziwani nafungua pampu iliyoziba, na mke wangu akapiga simu akasema, "Panda juu." Sikuuliza kitu. Nilipofika, kaka alikuwa amesimama langoni na vumbi hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka Nyalenda. Hatua chache nyuma yake, si kando yake, alikuwapo Shemeji na binti yao, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu na alikuwa anatazama kila kitu isipokuwa baba yake.

Mama alitoka ndani, akachukua lile jembe ukutani, akampa kaka. Hakumkumbatia. Akaenda kuleta mbegu.

Ninajua kilimo cha maji na ninajua majira. Nilijua kwa hakika kwamba mbegu itakayoingia ardhini siku ile haitazaa. Itachomoza, itafika kifuani, jua litaipiga. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema. Hata nilivuta pumzi. Kaka akapiga jembe la kwanza, likaenda pembeni. Akapiga tena. Shemeji akaja nyuma yake akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Huyu anachimba, huyu anafukia. Walikwenda hivyo hadi mwisho wa shamba bila kutazamana. Waliporudi na mstari wa pili, binti alikuwa amevua viatu. Akachukua bakuli kutoka mkononi mwa mama yake.

Basi mimi na mke wangu tukafuata. Nilipanda mbegu zangu bora, za bei, katika msimu uliokwisha, nyuma ya kaka yangu. Jirani alikuja hadi kwenye ua akafungua kinywa. Akamwona kaka, akakifunga. Akavua kofia.

Mchana tulikula pamoja. Mama alimwekea kaka kiti cha baba, na kaka akakihamisha taratibu, akakaa kwenye kigoda. Binti alimnawisha mikono kama inavyotakiwa, akimimina maji huku anatazama ukutani. Kaka akamwambia, "Asante, mama yangu," kama tunavyowaita mabinti wetu, na yeye akasema, "Haya," na hilo ndilo neno lote walilopeana siku ile.

Jioni nilimwambia kaka kwamba mke wangu amefagia nyumba yake, waya umetolewa mlangoni, kitanda kimetandikwa.

"Nirudishe kwa pasta," akasema.

"Kaka, umefika nyumbani."

"Nimefika kupanda. Kulala bado."

Shemeji alikuwa amekwisha kufunga leso yake kwa safari. Yeye na binti waliondoka kwa bodaboda, wakaelekea Dunga. Sikumzuia mtu. Mama alisimama langoni akiwapungia wote kwa zamu, na uso wake haukuonyesha kama ameshinda au ameshindwa.

Njiani kwenda Nyalenda pikapu ilikaribia soko la Otonglo. Kukaa kwa kaka kulibadilika. Alishika kishikio cha mlango, akakiachia, akashika magoti.

"Omera, pandisha kioo."

Nikapandisha.

"Ongeza mwendo."

"Kuna matuta."

"Hapo nyuma ya wauza nyanya kuna nyumba," akasema. "Wananijua kwa jina la utani. Wakiniona, hawataniuliza chochote. Watanimiminia tu."

Nilifikiria kufunga mlango kwa kufuli, nikakumbuka kwamba kufuli la upande wake lilikufa zamani. Nikaweka mikono yote miwili kwenye usukani.

Kaka akafumba macho, akaanza Sala ya Bwana kwa sauti, haraka haraka, kama tulivyokuwa tunaisema utotoni ili tupewe uji. Nikaingia naye katikati. Tulipofika mwisho akaanza tena, mkono wake wa kushoto umerudi kwenye kile kishikio. Wauza nyanya walikuwa wanakunja maturubai. Mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga lililojaa, na lilikuwa linapanda tuta la kwanza polepole sana, na hapakuwa na nafasi ya kulipita.